Deni la Wengi kwa Wachache

Mtu akizuiwa kufanya kazi yake kwa ajili ya usalama wa watu wote, je, watu wote wana deni kwake? Swali hili lilisimama mlangoni petu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, wala sina hakika kwamba tulilijibu vema.

Mgonjwa wa kwanza alijulikana tarehe 13 Machi. Siku tisa baadaye serikali iliamuru baa zote zifungwe, na mikahawa ikaachiwa kuuza chakula cha kuchukuliwa tu. Amri ile ilikuwa ya haki. Ugonjwa wenyewe hupita katika pumzi, na baa ni mahali ambapo watu hukaa karibu karibu, husema kwa sauti kuu na kucheka, wala hawawezi kunywa huku wamefunika vinywa.

Lakini nyuma ya milango ile walikuwamo watu: mhudumu aliyetegemea bakshishi, mwosha bilauri, bawabu, mpiga gitaa wa Jumamosi, na nje, barazani, mchoma nyama ambaye hakuuza hata tone la pombe. Baa hazikufunguliwa mpaka mwisho wa Septemba. Mwezi wa Aprili kodi ya mapato iliondolewa kwa wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi. Ilikuwa fadhili, ila asiye na mshahara husamehewa kodi gani?

Niliwasikia watu, tena watu wema, wakisema, "Na watafute kazi nyingine, ile haikuwa kazi ya heshima." Maneno haya yafaa yapimwe. Mimi si mtetezi wa ulevi; nimeona nyumba zilizovunjwa na chupa. Lakini leseni ya baa hutolewa na serikali ya kaunti, na ada yake hupokewa. Kila chupa ya bia hutozwa ushuru, na ushuru huo huingia katika hazina ile ile inayolipa walimu wetu. Kazi ambayo jana tulikula matunda yake, twawezaje kuiita najisi leo, siku ile ile mwenyewe anapohitaji msaada? Tena baa hazikufungwa kwa kuwa ni mbaya, zilifungwa kwa kuwa hukusanya watu. Makanisa na misikiti ilifungwa kwa sababu hiyo hiyo, wala hakuna aliyesema kwamba ibada ni aibu.

Tarehe 26 Machi 2021 baa zilifungwa mara ya pili, safari hii katika kaunti tano tu: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Mhudumu wa Nairobi akarudi nyumbani mpaka mwezi wa Mei. Mwenzake wa Mombasa akaendelea kuwahudumia wateja. Kosa hakuwa nalo hata mmoja wao. Yule wa Nairobi alikaa bure ili mimi nisiugue, nami sikumbuki kumpelekea hata kibaba cha unga.