Kufunika Maji ni Sunna

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Ndugu zetu Waislamu wa Amu! Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kwa Jabir bin Abdillahi, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kufunika vyombo na kufunga viriba, kwani katika mwaka uko usiku ambao maradhi huteremka yakaingia katika kila chombo kilicho wazi. Amri hii twaisoma darsani, na majumbani twaiacha.

Tuukumbuke mwaka 2004. Mvua iliadimika, na maji yakakaa siku nyingi katika mitungi na mapipa. Ikazuka homa iumizayo viungo, hata vijana wenye nguvu wakatembea wameinama. Hiyo ndiyo chikungunya, iliyotambuliwa kwanza Tanganyika, mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde. Wataalamu walipopima damu za watu wa mji wetu, waliona robo tatu wamepatwa. Wakakisia watu 13,500.

Aletaye maradhi haya ni mbu mweusi mwenye madoa meupe. Yeye huuma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Na hutaga mayai ndani ya vyombo vya maji, pale ukingoni.

Wako wasemao kuwa hiyo ni kadari. Ni kweli, lakini kufunika pipa nako ni katika kadari, na tumeamrishwa. Wako na watundikao hirizi mlangoni, na nyuma ya mlango pipa li wazi. Je, hiyo ndiyo tawakali? Wazee wetu waliweka visamaki katika birika wale viluwiluwi vya mbu. Kisha wakamtegemea Mola wao.

Tena mbu hajui mpaka wa nyumba. Azaliwaye katika pipa letu humwuma mtoto wa jirani, na Mtume amekataza kudhuru na kudhuriana. Basi chombo kilicho wazi ni haki ya jirani iliyo juu ya shingo zetu.

Yatupasa tufunike kila chombo. Kila juma tukimwage na kukisugua kuta zake, kwani mayai hushikamana hapo na hustahimili ukavu kwa miezi. Vifuu na makopo tuyafukie. Na wasimamizi wa misikiti waziangalie birika za udhu.

Mwenyezi Mungu atuafikie kuyatenda tuyajuayo. Amin.