Kutoa Bila Kumshusha Anayepokea: Somo Nililolipata Mpakani



Majira ya joto yaliyopita watu kumi na wanne wa kanisa letu walisafiri kutoka hapa Houston hadi karibu na McAllen, kusini kabisa mwa Texas, mwendo wa maili kama 350. Tulikwenda kujitolea kwa wiki moja katika jamii inayoishi kando ya mpaka wa Meksiko. Mimi nilikuwa mmoja wao. Sasa kamati ya huduma inauliza kama tutakwenda tena mwaka huu. Kabla hatujajibu, naomba niseme jambo ambalo sikulisema tulipotoa ushuhuda wetu ile Jumapili ya kurudi. Siku hiyo tulionyesha picha, mkapiga makofi, tukamshukuru Mungu. Lakini moyoni nilikuwa na swali: je, mtu anaweza kumsaidia mwenzake bila kumshusha?

Kwanza niwaeleze tulikokwenda. Wenyeji huita makazi yale colonia. Katika Texas kuna makazi ya namna hiyo zaidi ya 2,000, na Kaunti ya Hidalgo, ambako ndiko McAllen iliko, inayo mengi kuliko kaunti nyingine yoyote. Kuanzia miaka ya 1950 wafanyabiashara wa ardhi walinunua mashamba yasiyofaa tena kwa kilimo, mengine yakiwa mabondeni ambako maji hujaa, wakayakata viwanja vidogo na kuwauzia watu wa kipato cha chini. Hapakuwa na maji ya bomba, wala mfereji wa maji machafu, wala lami. Mnunuzi alilipa kidogo kidogo kila mwezi, na hati ilibaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho. Aliyeshindwa kulipa aliweza kupoteza kiwanja pamoja na nyumba aliyojenga juu yake. Wengi wa wakazi wake ni raia wa Marekani, watu wanaovuna mashamba, wanaojenga nyumba za wengine, wanaosafisha hoteli. Si watu waliokaa wakingoja kusaidiwa. Kila chumba pale kimejengwa kwa mikono yao, kimoja mwaka huu, kingine mwaka ujao, kadiri fedha zilivyopatikana.

Sisi tulikuwa tumeamua tukiwa bado Houston kwamba tutapaka rangi. Rangi ni kazi rahisi, hata vijana wanaiweza, na ikiisha inaonekana. Tulipewa nyumba tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima anayeishi na wajukuu wake. Tulipaka kwa bidii siku mbili. Siku ya tatu, mchana, alitoka jikoni na sinia limefunikwa kitambaa. Alikuwa ameamka alfajiri kutupikia tamales, unga wa mahindi wenye nyama ndani, unaofungwa katika maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Ndugu zangu kutoka Kongo wangeona sinia lile wangekumbuka chikwangue mara moja.

Mimi nilikuwa kiongozi wa kikundi. Nilitazama sinia, nikawatazama wale wajukuu, nikafikiri: huyu mama hana kitu, tutamlaje? Nikamwambia kwa upole, kupitia binti yetu mmoja aliyesoma Kihispania shuleni, asijisumbue, sisi tumekuja na mikate yetu. Mama alitabasamu, akarudi ndani na sinia lake. Jioni binti yule akaniambia, "Baba mchungaji msaidizi, yule bibi aliniuliza kama chakula chake ni kichafu."

Usiku ule sikulala vizuri, maana kitu hicho nilikuwa nimekiona zamani nikiwa upande wa pili.

Wengi wenu mnaijua Nyarugusu, kule Kasulu, mkoa wa Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu tuliovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita. Mnakumbuka foleni ya mgao, unga na mafuta kwenye kopo, kadi iliyotobolewa. Siku moja walikuja wageni wa kanisa kutoka mbali, wakiwa na fulana za rangi moja, wakaingia nyumbani kwetu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alitoa maharage aliyokuwa ameyatunza na kuyapika yote, maana mgeni hapiti mlangoni kwa mama bila kula. Wageni walitushukuru sana, wakasema wameshiba, wakaomba picha, wakaondoka. Mama alifunika chungu. Hakukasirika. Alisema tu, "Wamekubali kunipa, wamekataa kupewa." Nilikuwa mtoto, nilifurahi kwamba maharage yamebaki yetu. Sikujua kwamba miaka zaidi ya ishirini baadaye ningekuwa mimi mwenye fulana.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni apone. Mgeni akikubali kuketi na kula, mwenyeji anajiona kuwa mtu mwenye nyumba, mwenye meza, mwenye kitu cha kumpa mwingine. Ukimnyima hilo umempunguzia kitu ambacho rangi haiwezi kurudisha.

Tazameni jinsi Bwana wetu alivyofanya. Katika Yohana 4 alivuka mpaka wa kabila lake, akafika kisimani Samaria. Alikuwa na maji ya uzima, lakini alianza kwa kuomba maji ya kunywa. Alimtangulia yule mwanamke kwa uhitaji wake mwenyewe. Katika Luka 10 aliwatuma wale sabini bila mfuko, na akawaagiza wale kile watakachoandaliwa. Aliwatuma wakiwa wahitaji, ili wafike kama wageni na si kama mabwana. Na kule Yeriko, katika Marko 10, kipofu alimjia, kila mtu akiona wazi anachokosa. Yesu bado alimuuliza anataka afanyiwe nini. Kama yeye ajuaye yote aliuliza, sisi tuliotoka Houston na ndoo za rangi tulipata wapi ujasiri wa kutouliza?

Najua kuna watakaonijibu. Ndugu mmoja aliniambia baada ya ibada: "Mwenye njaa haulizi adabu ya anayemlisha. Ule unga wa kambini ulikuja na picha, lakini tuliula, na ndiyo maana tuko hai." Ni kweli, na siwezi kulikana. Siku ya mafuriko hakuna kikao, unamtoa mtu majini kwanza. Kimbunga Dolly kilipopiga bonde lile Julai 2008, maji yalisimama katika colonia nyingi, na aliyeleta chakula na mablanketi alifanya kazi ya Mungu. Lakini wiki yetu haikuwa siku ya mafuriko. Tulikuwa na muda wa kuuliza, ila hatukuuliza kwa sababu tulikuwa na ratiba.

Tungeuliza, tungejibiwa. Siku ya mwisho nilirudi kwa yule mama, nikaomba radhi, nikaomba chakula. Alicheka, akapasha moto, tukala. Ndipo aliponiambia kwamba rangi ni nzuri, anashukuru, ila shida yake si ukuta. Shida ni maji ya mvua, ambayo hayana pa kwenda, yanaingia hadi chini ya vitanda vya watoto. Majirani walikuwa wanakutana katika ukumbi wa parokia ili waende pamoja mbele ya halmashauri ya kaunti kudai mtaro. Walihitaji mtu wa kukaa na watoto jioni ya kikao, na magari ya kuwapeleka wazee. Sisi tulikuwa na magari mawili yenye viti kumi na vitano, yameegeshwa nje wiki nzima.

Na hiyo si njia ngeni kule. Tangu miaka ya 1980 makanisa ya bonde lile yaliungana katika chama kiitwacho Valley Interfaith, na wakazi wenyewe, wengi wao akina mama wa parokia, walikwenda kusimama mbele ya wakubwa wa jimbo wakieleza maisha bila maji safi. Mwaka 1989 Texas ilianzisha mpango wa kupeleka maji na mifereji katika maeneo kama hayo, na mwaka 1995 ikapitisha sheria ya kuwalinda wanunuzi wa viwanja. Hiyo nayo ni huduma ya Kikristo. Haipigiki picha kirahisi, lakini bomba linabaki baada ya wageni kuondoka.

Jambo moja zaidi. Tulipokuwa tukirudi kwa barabara ya 281 tulisimamishwa Falfurrias, kwenye kizuizi cha ukaguzi kilicho maili kama sabini kutoka mpakani. Kila gari linaloelekea kaskazini husimama pale. Ndani ya gari letu kila mtu alishika karatasi zake, hata waliokuwa raia. Tulinyamaza kama tulivyonyamaza zamani kwenye vizuizi vya kwetu. Kuna wakazi wa bonde lile wasio na karatasi ambao hawawezi kupita hapo hata mtoto akiwa mgonjwa. Sisi tunaijua hofu hiyo mwilini. Hicho ndicho tulichokuwa nacho cha kuwapa kuliko makanisa mengi, na hatukukitoa, kwa sababu tulikuwa juu ya ngazi tukipaka.

Basi, twende tena? Mimi nasema ndiyo, kwa masharti. Wazee wawili watangulie mwezi Machi, wakiwa mikono mitupu, wakaulize. Twende mahali palepale, kwa watu walewale. Tusipige picha za watoto wa watu. Tukialikwa, tule. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi tusubiri mwenyeji atupe jembe, yeye ndiye anayejua shamba liko wapi. Na kama hatuko tayari kwa hayo, tusichome mafuta ya gari bure. Tuwatumie parokia ile fedha za safari, wao watajua la kufanya nazo.

Kamati itakutana Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, katika chumba cha shule ya Jumapili. Njoni na maoni yenu, hata wale msiokubaliana nami. Na ninyi akina mama mliowahi kufunika chungu mbele ya mgeni aliyekataa kula, tafadhali msikose. Kamati hii inawahitaji ninyi kuliko inavyonihitaji mimi.

Bwana awabariki.