Pointi Ni ya Nani?

Raba ninayozungumzia si ya kuvaa miguuni. Ni ile karatasi nyekundu au nyeusi inayobandikwa kwenye raketi ya tenisi ya meza, na kwa mtu anayecheza kwa kushambulia kama mimi, inaleta swali lisilo na raha: mpira ukiingia, pointi ni ya nani?

Swali hili nilitupiwa na jamaa mmoja ninayecheza naye kwenye ukumbi wa mtaa. Nilikuwa nimebandika raba mpya. Baada ya kumfunga seti tatu akasema, "Umenishinda na pesa, si na mkono." Yeye alikuwa na raketi ya supermarket, ile inauzwa ikiwa imeshabandikwa, ngumu kama ubao wa kukatia sukuma. Watu wakacheka. Mimi nilienda na hilo neno hadi nyumbani, kwa sababu raba mbili nzuri zinaweza kula kodi ya mwezi mtaani kwetu.

Basi tuanze na kazi ya raba yenyewe. Juu kuna ngozi laini inayoshika mpira, chini yake vipele vidogo, halafu sponji. Mshambuliaji akipiga, mpira unazama kwenye sponji, ngozi inaung'ang'ania, na unatoka ukizunguka kwenda mbele. Mzunguko huo, yaani spini, unafanya hewa iusukume mpira chini. Ndiyo maana unaweza kupiga kwa nguvu zote na bado uanguke mezani badala ya kupaa hadi kwa watazamaji. Bila spini, kila pigo la nguvu ni bahati nasibu.

Lakini raba hazifanani tabia. Tenergy 05 ya Butterfly, iliyotoka 2008, ina sponji yenye mruko: hata ukipiga kwa mkono mvivu, kitu kinatoka. Hurricane 3 ya DHS, inayopendwa sana na wachezaji wa China, inanata na sponji yake kwa kawaida ni ngumu. Hiyo ukiipigia na mkono peke yake inakuangalia tu. Inataka miguu, kiuno, na miaka ya mazoezi. Kwa hivyo "pesa" ya yule jamaa si kitu kimoja. Kuna raba inayokukopesha, na kuna inayokudai kwanza.

Na hata inayokukopesha ina riba. Ngozi inayong'ang'ania mpira wangu inang'ang'ania pia spini ya mpinzani. Akinisevia mpira uliokatwa kwa chini, raba yangu inausikia wote, na nikikosa pembe kidogo unaingia kwa neti. Raketi yake ya supermarket karibu haisikii kitu. Ina uziwi fulani, na uziwi huo ni kinga. Hizo pointi ninazopoteza hakuna mtu huzihesabu. Kwa hivyo sikubali kwamba raba ilinichezea. Inakuza ulicholeta, ujanja na uzembe pamoja.

Ila hilo halimalizi kesi. Mwaka 1952, huko Bombay, Hiroji Satoh wa Japani alishinda ubingwa wa dunia wa wanaume akitumia raketi ya sponji. Wengine walitumia raba ya vipele iliyolia "tok" kila ikigusa mpira, na walikuwa wamezoea kusoma pigo kwa masikio. Sponji yake haikulia. Nadhani kilichouma hapo ni kunyimwa habari kuliko kasi yenyewe. Baadaye sheria ikaweka mipaka: raba na sponji pamoja zisizidi milimita 4. Miaka ya 1980 ikaja ya rangi. Wachezaji walikuwa wakibandika raba mbili za tabia tofauti lakini za rangi moja, wanageuzageuza raketi mkononi mpaka mpinzani hajui amepigwa na ipi. Sasa pande mbili lazima zitofautiane rangi. Na kabla ya mechi, lazima umwonyeshe mpinzani raketi yako na umruhusu aikague.

Hiyo ya kukagua ndiyo naipenda zaidi. Haidai muwe na raba sawa, inadai asishtukizwe. Tofauti ya pesa inaruhusiwa, tofauti iliyofichwa hapana. Ndiyo maana kupaka raba mafuta ya kuvimbisha sponji, kitu ambacho sheria inakataza, naona ni wizi, hata anayepaka akiapa kwamba kila mtu anafanya. Raketi ameionyesha, lakini alichoonyesha sicho kinachocheza.

Shida yangu iko hapa. Kijana ambaye hajawahi kushika raba kama hizi, ukimpa akague, ameona nini? Anabonyeza na kidole gumba, anasema poa, anarudisha. Macho yameona, habari haijafika. Kwa hivyo siku hizi nikikutana na mtu kama huyo simwonyeshi tu. Nampa apige mipira kama kumi nayo, halafu namwambia wazi: mpira wangu ukija, usiusukume, inamisha raketi uufunike. Wenzangu wananiona fala, ati nagawa silaha. Mmoja aliniuliza, basi si nimfundishe na sevu zangu?

Hapana. Sevu ni mkono wangu, na sheria tayari inanikataza kuuficha mpira nyuma ya mwili. Kila kitu kiko mbele ya macho yake. Akidanganywa na kifundo changu cha mkono, hiyo tutaongea baada ya mechi.