Mchanga wa Mtoni ni Mali ya Nani?

Wako miongoni mwetu wasemao kuwa shida za Ukambani si shida za watu wa pwani. Twawajibu kwamba Mto Athi, upitao baina ya Makueni na Kitui, ndio uitwao Galana, kisha Sabaki, hata ukaingia baharini kaskazini ya Malindi. Na visima vya Baricho, kando ya Sabaki, hunywesha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Basi aliye juu ya mto ni jirani yetu.

Mito mingi ya huko hutiririka siku chache za mvua, kisha hukauka. Wenyeji hujenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, ukakingama mto. Mafuriko huleta mchanga, ukajaa nyuma ya ukuta, nao mchanga hunywa maji na kuyaficha na jua. Robo ya ujazo wake au zaidi huwa maji. Kazi hii hufanywa kwa mwethya, yaani ujima wa Wakamba. Kikundi cha Utooni, huko Machakos, kilianza mwaka 1978. Na tangu miaka ya 1990 wanavijiji wa Kitui, pamoja na shirika la SASOL, wamejenga kuta hizo kwa mamia.

Je, azuiaye maji juu hamdhulumu aliye chini? La. Ukuta hushika sehemu ndogo tu ya mafuriko, na yaliyobaki hupita. Dhuluma ni ya yule azoaye mchanga kwa malori akauuza mjini. Husema: mto wapita shambani mwangu. Lakini mchanga ule ni mtungi wa kijiji kizima. Auuzapo, auza na maji ya jirani. Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Lakini sheria haimfuati kila mtu usiku mtoni.

Wala mwuzaji si mkosa peke yake. Hapana auzaye pasi na mnunuzi, na nyumba zetu za mjini hazisimami bila mchanga. Dini yetu imefanya maji kuwa haki ya watu wote kwa shirika. Yawaje tulaani kiu, na huku twalipia chanzo chake?

Basi tutakapo kujenga, iwe nyumba au msikiti, yatupasa kuuliza kwanza: mchanga huu umetoka mto gani, na ni nani aliyebaki bila maji?