WALIONGOJA SABATO IPITE



Nabii Amosi alikuwa mchungaji wa Tekoa katika Yuda, na mtunza mikuyu. Katika karne ya 8 kabla ya Kristo, Yeroboamu wa Pili alipotawala Israeli, Mungu alimtuma kaskazini, akahubiri hata Betheli. Huko hakukuta watu walioacha ibada. Sadaka zilitolewa, nyimbo ziliimbwa, na siku ya Sabato biashara ilisimama.

Lakini mioyo ya wafanyabiashara ilikuwa sokoni. Waliona Sabato inachelewa kupita. Efa, kipimo cha nafaka, waliipunguza. Shekeli, jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, waliiongeza uzito. Hivyo maskini aliibiwa mara mbili: alipata nafaka pungufu, akalipa fedha zaidi. Hata makapi walimwuzia.

Je, mtu anayejizuia asiibe siku ya Bwana, huku akiingoja kesho, ameitakasa siku hiyo? Amosi alisema Mungu anazichukia sikukuu za namna hiyo. Kuhani Amazia akamfukuza, kwa kuwa Betheli palikuwa patakatifu pa mfalme. Hakuuliza kama neno lile ni kweli.

Ndugu, kabla hatujaleta sadaka yetu, tumkumbuke aliyenunua kibaba cha unga kwetu, na kibarua anayengoja ujira wake. Aliyempunja mwenziwe na amrudishie kwanza, ndipo aje madhabahuni. Bwana atupe moyo wa haki, Jumapili na Jumatatu. Amina.