Gari Kuukuu na Bei ya Haki

Mahindi yakiisha kuuzwa katika Handeni, na fedha ikiwa bado mkononi, ndipo wenye magari waanzapo kusema habari za kubadilisha. Gari kuukuu, lililokwenda na kurudi Korogwe tangu siku zile barabara ya kilomita 65 ilipokuwa bado vumbi na matope, sasa limechoka. Mwenyewe ataka kulitoa kwa mchuuzi, aongeze fedha juu yake, apate jingine lililo afadhali. Vijana wa bodaboda nao hufanya vivyo hivyo kwa pikipiki zao, tena mara nyingi zaidi. Jambo lenyewe ni halali kabisa. Hata hivyo limo ndani yake swali la dhamiri ambalo twaona yafaa kulitazama: mtu aijuaye kasoro ya gari lake, je, yampasa kuitaja?

Tuanze na mchuuzi, maana lawama humwangukia yeye kwanza. Hatusemi kwamba faida ni dhambi. Mtu anunuaye gari lililotumika hulitengeneza, hulipa kodi ya uwanja, hungoja mteja miezi kadhaa. Ni haki yake apate riziki. Basi tuseme gari la baba mmoja wa Handeni, baada ya kutoa faida hiyo, lafaa shilingi milioni 8, na gari alitakalo huuzwa kwa mwenye fedha taslimu milioni 16. Nyongeza ya haki ni milioni 8. Mchuuzi mjanja hasemi hivyo. Hulizunguka gari kuukuu, huligusa bodi, kisha husema, “Mzee, kwa kuwa ni wewe, hili nalichukua kwa milioni 10.” Moyo wa baba wafurahi, maana hakuna aliyewahi kumtajia hesabu hiyo. Halafu aambiwa kwamba lile jingine ni milioni 19 na nusu, kwa hiyo aongeze milioni 9 na nusu tu. Arudi nyumbani akisimulia jinsi gari lake lilivyothaminiwa, kumbe milioni 1 na nusu imemtoka pasipo kujua. Bei mbili zimefumwa pamoja makusudi ili mtu asizione. Mwenye busara huuliza kwanza bei ya gari la mchuuzi, kana kwamba hana la kutoa, na bei hiyo ikiisha kutajwa mbele ya shahidi ndipo alionyeshapo lake.

Lakini wengi wetu, tukiisha kumlaumu mchuuzi, twasahau kuutazama usiku uliotangulia safari. Betri mpya yaondolewa, yawekwa ile iliyokwisha kufa nusu. Matairi mazuri yabadilishwa na ya shemeji. Injini inayokula oili yatiwa oili nzito, ili ule moshi wa samawati usionekane kwa siku mbili tatu. Watoto wamesimama mlangoni, wametazama yote, na mmoja akiuliza aambiwa kwamba hiyo ndiyo biashara. Asubuhi gari laoshwa, lang’aa. Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa habari ya magari methali hii yashindwa kidogo, maana kibaya kikiisha kuoshwa na kutiwa nta chajiuza vilevile.

Swali hili si geni. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilichambua katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, na mfano wake ulikuwa farasi. Farasi mwenye jicho moja, alisema, ana kasoro iliyo wazi. Muuzaji akiipunguza bei kadiri ipasavyo, halazimiki kuitangaza, kwa sababu mnunuzi akisikia huenda akataka bei ishuke kupita haki. Lakini kasoro ikiwa imefichika, na yaweza kumtia mnunuzi hasarani au hatarini, yapasa isemwe. La sivyo mauzo hayo ni ya hila, na aliyeuza anadaiwa fidia. Twapenda jinsi mwalimu huyu anavyomtendea muuzaji kwa haki pia. Hamwagizi mtu asimame sokoni akiyalaani mali yake. Mkwaruzo mlangoni, kiti kilichochanika, taa iliyopasuka, hayo mnunuzi ana macho. Giaboksi inayoruka gia ikipata moto, breki zinazolegea mteremkoni, chasi iliyounganishwa baada ya ajali na kupakwa rangi, hayo macho hayayafikii.

Wengine watatujibu kwamba mnunuzi na alete fundi wake. Ni shauri jema, ila fundi hutazama saa moja, na mwenye gari amelala nalo miaka saba. Wengine wana jibu lililo zito zaidi, nalo hatuwezi kulipita upesi. Wasema: “Mimi nikisema kweli nitaumia mara mbili. Mchuuzi amekwisha kushusha bei kwa sababu adhani kila mtu humficha. Nami nikiitaja kasoro ataishusha tena.” Hayo ni kweli. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya jambo hili hili la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alionyesha kwamba mnunuzi asipoweza kulitambua gari jema na bovu, atatoa bei ya wasiwasi kwa yote. Wenye magari mema wataona bei hiyo haifai, watayaweka nyumbani. Na sokoni yatazidi kubaki mabovu.

Kwa hiyo anayeficha hamwibii mchuuzi peke yake. Amwibia pia jirani yake wa Handeni ambaye amelitunza gari lake, amebadilisha oili kwa wakati wake, naye akifika Korogwe apewa bei ya mtu mwongo. Jirani huyo hatajua kamwe ni nani aliyempunja. Sisi twaona wizi huu ni mbaya kwa namna ya pekee, maana hauna uso wa kuuombea msamaha.

Sheria yasaidia kidogo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtwika mfanyabiashara masharti fulani juu ya ubora wa kitu anachouza, lakini kwa kasoro ambazo mnunuzi alipaswa kuziona alipokagua, haimtetei. Na mtu binafsi amuuziaye mwenzake, sheria humwacha huru zaidi. Hapo dhamiri ndiyo hakimu, na mara nyingi hakuna mwingine.

Lipo na jambo la dhiki. Mtu auzaye gari kwa sababu mgonjwa yumo hospitalini hufika sokoni na uso wake, na uso huo husomwa. Tomaso huyo huyo alikataa kwamba haja ya mwenzako iwe sehemu ya bei. Haja hiyo si mali yako hata uiuze. Mchuuzi akijua kwamba mtu huyu hawezi kungoja hadi kesho, gari halijapungua kitu kwa kujua kwake.

Labda msomaji mmoja amekwisha kuuza, na kasoro aliifahamu, au ameifahamu baadaye kwa kinywa cha fundi. Hata huyu wa pili, asiyekuwa na kosa siku ile, akiisha kujua ana deni. Si lazima gari lirudishwe wala mapatano yavunjwe. Ni kile kiasi ambacho bei ingepungua kama neno lile lingalisemwa. Kadi ya gari imekwisha kubadilishwa jina, lakini hati ya mauziano imo bado kabatini, na namba ya simu ya mnunuzi imeandikwa chini ya sahihi yake.