Kufunga kwa Wote na Kufunga kwa Baadhi

Seva mpya inapowashwa katika wingu la AWS, inaanza maisha ikiwa imefungwa. Kundi la usalama unalolitengeneza kuilinda halina kanuni hata moja ya kumwingiza mtu. Kutoka ndani kwenda nje ruhusa ipo, lakini kuingia hakuna, mpaka mtu aandike kwa mkono wake nani aingie, kwa poti ipi, yaani mlango upi wa huduma, kutoka anwani ipi. Azure ina kanuni yake ya mwisho, namba 65500, inayokataa kila kilichobaki baada ya kanuni nyingine kusomwa. Google Cloud nako ni hivyohivyo. Mimi ndiye ninayeandika kanuni hizo kwa ajili ya mfumo wa rekodi za wagonjwa wa zahanati kadhaa mkoani Tanga, na katika kazi zote za mtandao hakuna ninayoipenda kama hii.

Maalim aliyenisomesha Kurani utotoni aliniuliza, baada ya kumweleza kazi yangu kwa maneno mepesi: "Yaani mwanangu, kila mja wa Mungu kwako ni mwizi mpaka athibitishe kinyume?" Hakuuliza kwa mzaha. Surat al-Hujurat, aya ya 12, inawaamrisha waumini kujiepusha na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Isitoshe, mafakihi wana kanuni mashuhuri kwamba asili ya vitu ni uhalali, mpaka ije dalili ya kuzuia. Seva zangu zinakwenda kinyume: asili yake ni kuzuia, mpaka ije ruhusa. Swali lile lilinikaa moyoni, maana sikutaka kuwa na dini moja msikitini na nyingine kazini.

Jibu nililolipata kwanza ni hili. Uhalali wa asili unahusu vitu alivyovieneza Mungu kwa manufaa ya wote: samaki wa baharini, matunda ya porini, biashara isiyo na dhuluma. Haukuhusu kamwe nyumba ya mtu, mali ya mtu wala siri ya mtu. Huko asili ni mwiko mpaka mwenyewe aridhie. Mlango wa jirani ukiwa wazi, uwazi wake haukupi haki ya kuingia. Surat an-Nur, aya ya 27, inaagiza kuomba ruhusa na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba isiyo yako, na aya inayofuata inakwenda mbali zaidi: usipomkuta mtu, usiingie mpaka upewe idhini, na ukiambiwa urudi, rudi. Ukimya wa nyumba haukuhesabiwa kuwa ni idhini. Sahaba Abu Musa al-Ash'ari alibisha kwa Khalifa Umar mara tatu, hakujibiwa, akaondoka zake. Alipoulizwa kwa nini hakungoja, alieleza kwamba ndivyo Mtume alivyofundisha, na akaleta shahidi wa maneno hayo. Hakulalamika kwamba ameitwa mwizi. Alijua kwamba mwenye nyumba ana haki ya kutoitikia.

Kuna hadithi nyingine inayonigusa zaidi, na kila anayelinda seva angefaa kuifahamu. Mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume. Mtume alimkemea kwa ukali mkubwa, akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Yaani dhambi ilikwisha kutendeka kabla mguu haujavuka kizingiti. Nikisoma logi za mtandao wetu, ninachokiona usiku na mchana ni jicho hilo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu inayoweza kugonga poti moja kwenye anwani zote za umma za IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45, ikiwa kwenye kompyuta moja tu yenye mtandao wa kasi. Anwani hizo ni karibu bilioni 4. Watafiti walikuwa na nia ya kuupima mtandao, lakini mbinu hiyo sasa iko mikononi mwa kila mtu. Washa seva yenye anwani ya umma, kachemshe chai, na kabla haijapoa utakuta wageni wamekwisha kuchungulia poti 22 na poti 3389, za kuiendesha seva kwa mbali, na poti za hifadhidata. Hawakutafuti wewe. Wanatafuta yeyote aliyesahau kufunga.

Nyuma ya poti hizo kuna nini? Kuna mama mjamzito wa Pangani na majibu ya vipimo vyake, likiwamo jibu ambalo huenda bado hajamwambia mumewe. Kuna namba za simu, umri, mtaa, jina la mtu wa kuarifiwa akizidiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inataka vitu hivyo vilindwe. Kabla ya sheria hiyo, dini yetu ilikwisha kuvipa jina: amana. Mama yule aliyasema yale kwa muuguzi, chumbani, mlango umefungwa. Hakuna alipoiambia dunia.

Ndiyo maana ule mtindo wa kuandika 0.0.0.0/0 kwenye kanuni nakataa kuuita ukarimu. Alama hizo maana yake ni anwani zote, bila kubagua. Kijana wetu wa programu alinipigia simu kutoka kwao Korogwe akitaka poti 5432 ya hifadhidata ifunguliwe hivyo, kwa sababu anwani ya bando lake la simu hubadilika kila mara. "Dada, nifungulie tu kwa leo, kesho tutafunga." Namheshimu, ni mchapakazi, na shida yake ilikuwa ya kweli. Lakini mimi na yeye hatukuwa na kitu cha kutoa. Mkarimu hugawa chake. Nilimfungulia njia nyingine, ya VPN, ambako anajitambulisha yeye kama yeye, na kazi ikaisha jioni ileile. Wanaodhani ni ukali wa bure wakumbuke Januari 2017, hifadhidata za MongoDB kwa maelfu, zilizoachwa wazi mtandaoni bila hata nywila, zilipofutwa na mahali pake pakaachwa barua ya kudai fidia. Wengi wa waliopoteza hawakuwa wameamua kumkaribisha mtu. Hawakuamua lolote.

Nilimrudishia Maalim hoja hizi. Alisikiliza mpaka mwisho, akakubali, kisha akauliza swali gumu kuliko la kwanza: "Na unaowafungia kwa majina yao je?"

Hapo ndipo niliporudi kuzitazama kanuni zenyewe, na nikaona jambo ambalo nilikuwa nalitumia kila siku bila kulitafakari. Katika AWS kuna vifaa viwili. Kundi la usalama, linaloizunguka seva yenyewe, linajua kuruhusu tu. Haiwezekani kuandika humo "fulani asiingie". Unataja unaowakaribisha, wengine wote wanabaki nje kwa ukimya uleule, tajiri na maskini, wa Tanga na wa Tokyo. Hakuna aliyehukumiwa. Kifaa cha pili ni orodha ya udhibiti wa mtandao, kwa kifupi ACL, inayozunguka eneo zima. Hiyo inajua kuruhusu na inajua kukataa. Kanuni zake zina namba, zinasomwa kuanzia ndogo kwenda kubwa, na ya kwanza inayomhusu mgeni ndiyo inayokata shauri. Zinazofuata hazisomwi tena. Humo unaweza kumtaja adui.

Na watu hutaja. Nilipoipokea kazi hii, nilikuta katika orodha kanuni namba 90 inayokataa fungu la anwani, juu ya namba 100 inayoruhusu umma kufika kwenye poti 443, mlango wa tovuti ambao umewekwa makusudi watu waingie. Haikuwa na maelezo. Muuguzi mmoja wa Muheza alikuwa akilalamika kwamba mfumo humkatalia akitumia simu yake, na humkubali akitumia ya mwenzake mwenye laini ya kampuni nyingine. Aliambiwa simu yake ni mbovu. Simu ilikuwa nzima. Anwani aliyokuwa akitokea ilikuwa ndani ya fungu la kanuni 90, kwa hiyo hodi yake haikuwahi kufika namba 100.

Kwa nini anwani yake ilikuwa humo? Kwa sababu haikuwa yake peke yake. Anwani za IPv4 ni adimu, na Afrika ndiyo iliyopata fungu dogo kuliko maeneo mengine yote ya dunia. AFRINIC, shirika linalozigawa kwa bara letu, lilianza kazi rasmi mwaka 2005, wakati wengine walikuwa wamekwisha kujichotea kwa miaka mingi. Kampuni za simu hazina budi kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na tangu mwaka 2012 kuna hata fungu rasmi la anwani za ndani, 100.64.0.0/10, lililotengwa kwa mpango huo. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja mwenye simu yenye kirusi akishambulia tovuti, anayeandika kanuni ya kumkataa anawakataa pamoja naye mwalimu, mvuvi na muuguzi ambao hawajawahi kumwona. Penye anwani tele, kumzuia mmoja ni kumzuia mmoja. Penye uhaba, mkosaji mmoja anawaponza wengi.

Sisi tunaokaa upande huu wa dunia tunaujua uchungu huo. Tumekwisha kufungua tovuti za nje na kuambiwa huruhusiwi, si kwa tulichofanya bali kwa tulipo. Mtu fulani mahali fulani aliona majaribio ya wizi kutoka nchi kadhaa, akaona rahisi kuzifunga nchi zenyewe. Surat al-An'am, aya ya 164, inakataza hukumu ya namna hiyo: hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Siamini kwamba aya hiyo inakoma inapofika kwenye kompyuta. Anayeandika kanuni ni mtu, na anayezuiwa ni mtu.

Basi dhana mbaya aliyoihofia Maalim ipo kweli, lakini haipo pale alipoionyesha kwanza. Kumfungia kila mtu mlango wa faragha, kisha kuwataja wanaohusika, si kumdhania yeyote ubaya. Wanasayansi wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder walilieleza jambo hilo kwa lugha ya uhandisi mwaka 1975, waliposhauri kwamba ulinzi ujengwe juu ya ruhusa, wala usijengwe juu ya orodha ya wanaokatazwa. Sababu yao ilikuwa ya kiufundi: ukikosea kwa kunyima, aliyenyimwa atakuja kulalamika na kosa litaonekana. Ukikosea kwa kuruhusu, aliyeruhusiwa atanyamaza. Naongeza sababu ya pili ambayo wao hawakuiandika. Orodha ya ruhusa haimchafulii mtu jina. Orodha ya makatazo, hasa kwenye mlango wa umma, inamhukumu mtu kwa ukoo wa anwani yake, na hiyo ndiyo dhana iliyokatazwa.

Sisemi kwamba kukataa hakuna mahali pake. Anwani inayoshambulia sasa hivi, kwa ushahidi ulio kwenye logi, izuiwe sasa hivi. Mwenye nyumba haketi kitako jiwe likirushwa dirishani. Lakini katazo hilo liwe na ushahidi na liwe na mwisho, kwa sababu anwani ya leo ya mshambuliaji kesho inapewa mwingine. Kundi la usalama la AWS linakupa nafasi ya maelezo kwenye kila kanuni, hadi herufi 255. Zinatosha kuandika nani ameomba, kwa nini, na mpaka lini. Orodha ya ACL haikupi nafasi hiyo kwenye kanuni mojamoja, kwa hiyo mimi huiandika kwenye faili tunalotunza pamoja na mipangilio yote ya mfumo. Kanuni isiyo na mwenyewe ni ya hatari kwa pande zote mbili: ikiwa ya kuruhusu, amana inavuja bila mtu kuulizwa, ikiwa ya kukataa, mtu anadhulumiwa na hana wa kumlalamikia. Mashine itaitekeleza kanuni hiyo kwa uaminifu uleule miaka kumi baada ya aliyeiandika kuhama kazi. Haina huruma na haina chuki. Hesabu itamrudia mwanadamu.

Kanuni namba 90 niliifuta baada ya kupitia logi na kutoona shambulio lolote kutoka fungu lile. Muuguzi wa Muheza sasa anaandika rekodi zake kwa simu ileile aliyoambiwa ni mbovu.

Nawaomba wenzangu mnaofanya kazi hii, Waislamu na wasio Waislamu, mfungue orodha zenu leo. Ukikuta 0.0.0.0/0 imeandikwa kwenye poti 22, 3389 au 5432, funga kabla hujainuka kitini, maana unachokiweka wazi si chako. Ukikuta nchi nzima au kampuni nzima ya simu imekataliwa kwenye poti 443, uliza nani aliandika na kwa ushahidi gani. Pasipokuwa na anayejua, iondoe.